Klitschko na wanaoitwa vibonde

KONA YA ULINGO
Na Hamisi Mbwana

Kila likitajwa jina la Wladimir Klitschko mbele ya wapenzi wa ngumi, hakosekani wa kudakia: "Kwani alimpiga nani yule?" Hoja yao ni kwamba Lennox Lewis alistaafu 2004, uzito wa juu ukapwaya, na Mukraine huyo akajitawalia kuanzia Aprili 2006 hadi Novemba 2015 kwa kuchapa vibonde.

Mimi nauliza: alimkwepa nani? Bondia hachagui zama za kuzaliwa, anachagua kusaini mkataba au kuukataa. Sultan Ibragimov, Ruslan Chagaev, Alexander Povetkin na Kubrat Pulev wote walimfuata ulingoni wakiwa hawajawahi kupoteza pambano. David Haye, bingwa wa WBA, alichonga sana mdomo. Walipokutana Hamburg 2011 akapigwa kwa pointi, kisha akavua kiatu kuwaonyesha waandishi kidole cha mguu. Jina kubwa linalokosekana ni la Vitali, aliyekuwa na mkanda wa WBC. Huyo ni kaka yake, na walishamwahidi mama yao kwamba hawatapigana.

Joe Louis naye alisimangwa hivyo hivyo. Kati ya Desemba 1940 na Juni 1941 alipanda ulingoni karibu kila mwezi, magazeti ya Marekani yakawacheka wapinzani wake kuwa ni vibonde wa mwezi. Leo nani anamkumbushia? Alitetea mkanda mara 25, na watu wanakumbuka jinsi alivyomaliza kazi.

Hapo ndipo Klitschko anapobanwa. Tazama pambano la Moscow, Oktoba 2013. Povetkin, bingwa wa Olimpiki 2004, kila akisogea anakutana na mkono wa kushoto. Akiupita, jitu la karibu mita mbili linamkumbatia, linamlalia shingoni na kumsukumia chini. Mwamuzi alivumilia hadi raundi ya 11 ndipo akakata pointi. Povetkin alianguka mara nne, majaji wote watatu wakaandika 119-104. Ushindi mnono, lakini sijui nani analirudia pambano lile kwa raha.

Sababu inajulikana. Corrie Sanders alimzimisha 2003, Lamon Brewster akamsimamisha 2004. Kocha Emanuel Steward akamjenga upya: piga, kumbatia, usihatarishe kidevu. Ilimpa karibu miaka kumi ya ubingwa, ikamnyima mapenzi ya watu.

Mapenzi aliyapata Wembley, Aprili 2017, akiwa na miaka 41. Anthony Joshua alimwangusha raundi ya tano, akainuka, naye akamwangusha Joshua ya sita, kabla ya kusimamishwa ya 11. Uwezo wa kupigana vile alikuwa nao siku zote.

Kwa hiyo namweka nyuma ya Louis na Lewis. Waliopigwa hawana kosa. Kinachomshusha ni jinsi alivyowapiga.