Hereni masikioni, uongo kwenye kibali

Jamani, ninyi wa nyama choma kila Ijumaa, swali dogo: yule ng'ombe alitoka wapi? "Mnadani" si jibu. Mnadani alipita tu, kama wewe unavyopita stendi.

Wiki iliyopita gazeti lilinituma kwenye mnada mmoja (siutaji, karani aliyenionyesha daftari lake ana watoto wa kusomesha). Likaingia Fuso. Kibali cha kusafirisha mifugo kinasema ng'ombe 18. Wakashushwa, nikahesabu 21. Nikamuuliza karani, akacheka: "Mdogo wangu, wengine waliongezwa njiani." Akaandika 18. Yaani kwa mujibu wa karatasi, wale watatu hawajazaliwa!

Sheria tunayo. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ni ya mwaka 2010. Mwaka 2025 Rais Samia alizindua mkoani Simiyu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, nasi waandishi tukajaza kurasa kwa picha za ng'ombe wenye hereni. Hata mimi niliandika, na sikuuliza jambo la maana: ng'ombe huyu akihama, nani anaandika? Hereni inakwambia ng'ombe ni yupi. Haikwambii jana alilala zizi gani, na akina nani. Hayo yako kwenye kibali na daftari. Vikidanganya, hereni ni pambo tu.

Na msiniambie huo ni urasimu. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliua watu 144 hapa Tanzania. Huenezwa na mbu, lakini pia mtu huipata kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa, kwa hiyo mchinjaji yuko hatarini kabla yako wewe mlaji. Akigundulika ng'ombe mmoja machinjioni, daktari wa mifugo atataka kujua alipanda gari moja na nani, na wenzake wameuzwa wapi. Wale watatu atawatafuta wapi? Itabidi minada ifungwe kwa jumla, na mfugaji aliyeandikisha hadi ndama atalipia ujanja wa dalali. Ng'ombe wa wizi naye hupandia hapo hapo "njiani".

Wafugaji husema wanakwepa vibali kwa sababu kila kizuizi kina mkono uliokunjuliwa. Nawaamini. Hiyo mikono ishughulikiwe, lakini idadi iandikwe ilivyo.

Habari ya wale ng'ombe watatu nimempelekea mhariri. Kasema haina picha.