Prosesa kwa Kazi za Picha za Pande Tatu

Kijana anayejifunza kuchora majengo ya pande tatu humwomba mzazi kompyuta yenye "i7", kana kwamba alama hiyo pekee ni dhamana. Sivyo. Core i7-4600U ya mwaka 2013, iliyomo katika baadhi ya kompyuta mpakato za mtumba, ina viini viwili tu. Core i3-12100 ya mwaka 2022, yenye jina la kinyonge, ina vinne, tena vyenye kasi zaidi. Akiba ya nyumba isitolewe kwa ajili ya kibandiko.

Wakati wa kuunda umbo, programu hutegemea zaidi kiini kimoja. Kasi yake ndiyo inayoonekana. Bali inapokamilishwa picha, yaani kompyuta inapokokotoa nuru na kivuli cha kila nukta, kazi hugawanywa kwa viini vyote. Hapo Ryzen 9 5950X yenye viini 16 humtangulia mbali ndugu yake 5800X mwenye 8, ingawa haifikii kasi maradufu, kwa kuwa umeme na joto huvibana viini vingi vinapofanya kazi pamoja. Joto hilo ndilo huzipunguzia kasi kompyuta mpakato nyembamba. Ya mezani ni bora.

Blender, programu isiyouzwa, huweza pia kuikabidhi kadi ya michoro ukokotoaji huo, na mara nyingi humaliza mapema zaidi. Kabla ya kulipa, kijana achukue faili lake, alijaribu dukani, naye mzazi ashike saa.