Kabla ya Kuzihukumu Mboga
Mtaalamu atumiaye kromatografia ya gesi kutangaza kuwa mboga za mkulima zina masalia ya dawa za wadudu hana budi kwanza kukiendesha chombo chake pasipo kudunga chochote. Vilele vilevile vikichomoza katika grafu hiyo, si ushahidi dhidi ya mboga: uchafu umo chomboni au katika gesi. Mara nyingi ni kizibo cha mpira wa silikoni kitobolewacho na sindano. Chembe zake hudondokea penye joto la nyuzi 250 hivi, zikatoa mvuke. Vikichomoza pale tu tudungapo kiyeyushi kitupu, tushuku kiyeyushi hicho, au sindano. Naona grafu hizo mbili ziambatishwe na kila cheti, mkulima naye azione.