Ngazi za Kiini na Umri wa Nyota

Mintarafu ya elimu ya viini vya atomu, aghalabu tusikiazo ni habari za mabomu na mitambo ya umeme, ilhali iko kazi nyingine, ya subira na isiyo na kishindo, ambayo kwa rai yangu yastahili taadhima kubwa zaidi: kuvirushia viini protoni na kuipima miali ya gama itokayo humo.

Kiini kinasapo protoni, hugeuka kiini kipya chenye nishati ya ziada kisichoweza kudumu nayo. Basi hushuka kutoka ngazi moja ya nishati hadi nyingine, na kila kishukapo hutoa mwali wa gama wenye nishati ilingayo na tofauti ya ngazi hizo mbili, hata mtaalamu aliyeipima miali yote aweza kuzichora ngazi ambazo jicho halitaziona abada.

Katika nyota nzito kuliko Jua, haidrojeni hugeuzwa heliamu hasa kwa mzunguko wa kaboni, naitrojeni na oksijeni, alioufafanua Hans Bethe mwaka 1939. Hatua ikawiayo kuliko zote ni naitrojeni-14 kunasa protoni ikawa oksijeni-15, na kasi yake hutegemea sana ngazi moja ya oksijeni hiyo, iliyo chini kidogo tu ya kizingiti cha mnaso. Kwa miaka mingi kasi hiyo ilikisiwa kutokana na vipimo vya nishati za juu, kwani kwenye nishati za chini minaso ni adimu mno, na miale itokayo angani huifunika ishara yake. Ndipo wataalamu wa jaribio liitwalo LUNA wakaiweka mashine yao ndani ya mlima wa Gran Sasso, Italia, chini ya mwamba wa mita 1,400. Na mwaka 2004 wakabainisha kwamba kasi ya kweli ni kama nusu ya ile iliyoaminiwa. Kwa kuwa mzunguko uendao polepole huichelewesha nyota kuimaliza haidrojeni yake, kwa tahakiki hiyo moja makundi ya nyota kongwe yaliongezewa umri wa miaka ipatayo milioni 700 hadi bilioni moja.

Wako wasemao kwamba kupima tena kilichokwisha pimwa ni israfu. Sikubaliani nao hata kidogo, maana hesabu ile ya kale ilikuwa ya mabingwa, na kuitafakari tu hakukutosha kuisahihisha. Ilithibitika kwa kipimo. Fauka ya hayo, mwaka 2020 wataalamu wa kigunduzi cha Borexino, chini ya mlima uo huo, walitangaza kuziona chembe ziitwazo nyutrino za mzunguko huu zitokazo katika Jua, na ili tujue kutokana nazo kwa yakini kiasi cha kaboni na naitrojeni kilichomo moyoni mwake, kasi ile yahitaji kupimwa kwa usahihi zaidi. Nawasihi wenye kugawa fedha za utafiti, popote walipo, wasiwanyime watu hawa muda wala mashine.