Chile Ilianza Kuanguka Kabla ya 1929

Ukiuliza chanzo cha mdororo mkuu wa uchumi, wengi watakujibu: soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929, dunia nzima ikaumia. Ni kweli, ila jibu hilo halitoshi. Jumuiya ya Mataifa ilipopima madhara, nchi iliyoonekana kuumia kupita zote haikuwa Marekani wala Ujerumani, bali Chile. Kufikia 1932 thamani ya mauzo yake ya nje ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80. Kwa nini wao?

Jangwa la Atacama, ambalo Chile ililitwaa vitani kutoka Peru na Bolivia, lilijaa naitreti, chumvi ya ardhini iliyotakiwa Ulaya kwa mbolea na baruti. Kwa miaka mingi ushuru wake uliipa serikali karibu nusu ya mapato. Wenye mashamba makubwa waliachwa bila kodi ya maana, kwani jangwa lililipa. Ugonjwa ulianzia hapo! Mwaka 1913 Wajerumani walifungua kiwanda Oppau, wakaanza kupata mbolea kutokana na hewa kwa njia ya Fritz Haber na Carl Bosch. Chile ilikuwa na miaka 16 ya kujiandaa, na haikujiandaa.

Badala yake, Rais Carlos Ibáñez, aliyeshika madaraka 1927, alikopa mno New York ili ajenge. Kazi zilipatikana, watu wakafurahi, na mkopo ukahesabiwa kama pato. Wakopeshaji walipofunga mifuko, bei ya shaba nayo, nguzo ya pili ya nchi, ikaanguka pamoja na naitreti. Serikali iling'ang'ania sarafu iliyofungwa kwenye dhahabu, na dhahabu ikazidi kutoka. Julai 1931 ilisimamisha malipo ya deni. Mwezi huohuo Ibáñez akajiuzulu. Wachimbaji na watoto wao waliteremka Santiago bila kazi, wakalishwa kwa sadaka. Hao hawakukopa hata senti moja, wala hawakuulizwa.

Watu wa Tanga, walioona nyuzi za viwandani zikiuangusha mkonge, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Basi, ndugu msomaji, bajeti inaposomwa usiulize tu tumekopa kiasi gani. Uliza deni litalipwa kwa zao gani, na zao hilo likishuka bei, litalipwa kwa lipi jingine. Asiyeweza kukujibu hilo asipewe idhini ya kukopa.