Mguu Ulioteguka na Mlima wa Kolo
Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, haifikiwi kwa gari hadi mlangoni. Mungumi wa Kolo, mojawapo ya maeneo hayo ya michoro, hupandwa kwa miguu, juu ya mawe na mwinuko mkali. Kwa hiyo, katika safari ya kikundi, aliyeteguka kifundo cha mguu asifiche eti kwa kuwa nauli imeshalipwa. Kano iliyovutika huumia zaidi wakati wa kushuka, uzito wote unapoangukia mguu mmoja juu ya kokoto, na huko wa kumbeba ni wenzake tu. Wapo watakaosema kumwacha nyumbani ni kumbagua. Kweli, asiachwe: aende, aishie ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, kando ya barabara ya Babati, na mwandaaji wa safari ampangie mapema wa kukaa naye.