Nidhamu Si Kiboko

Kila wanafunzi wanapogoma au bweni linapoteketea, neno moja hutawala mijadala yetu: nidhamu. Mzazi hulalamika kwamba imeporomoka. Mwalimu naye husema hawezi kuirejesha ilhali amenyang'anywa kiboko. Mchelea mwana kulia, twakumbushwa, hulia yeye.

Lakini je, msomaji, nidhamu ni nini hasa? Neno hili tulilipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni mpango au utaratibu. Mzizi wake wahusu kutunga lulu katika uzi, kila moja mahali pake, na ndio huo huo unaotumika kwa utunzi wa mashairi. La ajabu ni kwamba Kiswahili, kwa kitenzi chake cha Kibantu, kilipita njia iyo hiyo: twatunga ushanga, twatunga shairi, na Bunge hutunga sheria.

Adhabu ni neno jingine kabisa. Nalo ni la Kiarabu, ila mzizi wake ni wa mateso. Aidha, adabu, yaani mwenendo mwema, ina mzizi wake wa tatu. Sisi tumeyachanganya yote, hata "kumtia mtu adabu" kukawa ni kumwadhibu.

Mchanganyiko huu umetugharimu. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 29, yamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka faini au kifungo kwa anayemtesa mwanafunzi. Hata hivyo, fimbo ingali madarasani, kwa kuwa wengi wetu twaamini kwamba ikiondoka, nidhamu nayo imeondoka.

Sikatai kwamba mwalimu ana haki ya kulalama. Alipokonywa fimbo akaachiwa darasa lililofurika, na mara nyingi hana mshauri wa wanafunzi wa kumsaidia. Hapo ndipo penye kazi: kanuni zinazofahamika na wote, zinazomfunga mwalimu sawa na mwanafunzi, ratiba inayofuatwa, na muda wa kumsikiliza mtoto kabla hajawasha kiberiti. Huo ndio uzi. Shanga zikitawanyika sakafuni, hatuzichapi. Twatafuta uzi, tukazitunga upya.